Pimbi na Kata ya Maji ya Matanga

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na vibanda na majiko na mikeka kama sisi, palikuwa na kijiji chini ya mlima wa mawe. Kijiji hicho kilikuwa na kisima kimoja tu. Jumbe wake alikuwa Tembo, na mpiga mbiu wake alikuwa Pimbi.

Pimbi mnamjua? Ni mnyama mdogo, hamzidi sungura kwa ukubwa. Hana mkia, na hushinda juu ya miamba akiota jua. Lakini Mwenyezi Mungu hakumwacha kiumbe wake mikono mitupu. Alimpa Pimbi sauti. Loo, sauti! Alipopanda mwamba akavuta pumzi, "Uuuwi! Uuuwi!", hata Kobe aliyekuwa shambani kwake mbali alisimama akasikiliza.

Na wanakijiji walimwamini. Pimbi akisema mvua inakuja, walianua mtama wao. Akisema kesho kuna mkutano, walifika kabla ya jua kali. Miaka yote hiyo hakuwahi kutangaza jambo lisilo kweli. Si kwamba alikuwa mtakatifu. Ni kwamba hakuna aliyewahi kumtuma atangaze uongo.

Kuna jambo jingine mlijue. Ukoo wa Pimbi na ukoo wa Tembo walikuwa watani. Babu zao waligombana siku moja juu ya kitu ambacho hakuna anayekikumbuka tena, wakapatana, na tangu siku hiyo wakawekeana utani. Mtani anaweza kukusema mbele ya wakwe zako, nawe huruhusiwi kukasirika. Anaweza kuingia jikoni kwako akala ugali wako akaondoka na mwiko. Na ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kuchimba kaburi na kupasua kuni, akikufanyia mzaha mpaka ucheke bila kutaka.

"Wewe Pimbi," Tembo alizoea kusema wakikutana njiani, "mkia wenu mliusahau wapi?"

"Tuliusahau kwenu, Jumbe, nanyi mkaubandika usoni!"

Kwa kwa kwa! Walicheka wote wawili mpaka machozi, mmoja juu kabisa, mwingine chini kabisa, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Sasa, mwaka mmoja mvua za masika zilipita kiasi. Zilipokatika, ugonjwa ukaingia kijijini. Ulianzia nyumbani kwa Paa, ukaenda kwa Nyani, ukaenda kwa Kanga. Mgonjwa alishikwa na tumbo, akaharisha, akatapika, macho yakamwingia ndani. Wengine walipona. Wengine hawakupona. Leo msiba hapa, kesho msiba pale.

Asubuhi moja Kifaru, askari wa Jumbe, alifika mwambani kwa Pimbi. Tih! Tih! Tih! Vijiwe vikaporomoka.

"Mpiga mbiu! Unaitwa kwa Jumbe."

"Polepole, afande, utaniangushia nyumba. Kuna nini?"

"Mimi naambiwa kaite, naita."

Barazani kwa Jumbe, Pimbi alimkuta Nungunungu, mganga wa kijiji, amekaa pembeni. Miiba yake ilikuwa imelala kama nyasi zilizonyeshewa. Jumbe hakuanza na utani siku hiyo.

"Pimbi, wanakijiji wananong'ona juu ya kisima. Nataka utangaze leo hii. Sema maji ya kisima ni mazuri. Sema ugonjwa huu ni upepo mbaya tu, utapita. Na atakayeyasema vibaya maji ya kisima atahama kijiji hiki kabla jua halijatua."

"Nimesikia, Jumbe. Na mganga anasemaje?"

Nungunungu akafungua mdomo. Jumbe akakohoa. Nungunungu akaufunga.

"Mganga amechoka, hajalala," Jumbe alisema. Kisha akashusha sauti ikawa ya upole. "Nisikilize, mtani wangu. Hawa wanakijiji nawajua. Ukiwaambia jambo la kutisha hawataniuliza tufanye nini. Watakimbia ovyo, watakanyagana, wataacha wazee njiani. Hofu itaua wengi kuliko huo ugonjwa. Wewe ni mzazi. Je, unawaambia watoto wako kila kitu?"

Maneno yale yalikuwa na sura ya huruma, na Pimbi akayapokea. Alipokuwa akirudi, moyo wake ulimuuliza, "Mbona mganga alifunga mdomo?" Akaujibu, "Hilo si langu. Langu ni sauti tu."

Akapanda mwamba.

"Uuuwi! Uuuwi! Sikieni, wa juu na wa chini! Maji ya kisima ni mazuri! Ugonjwa ni upepo, utapita! Choteni bila wasiwasi!"

Mama Ngiri alikuwa mtoni, amepiga magoti kwenye mchanga wa ukingoni, akichimbua maji ya kunywa ya wanawe. Alisikia, akasimama, akajikung'uta.

"Kumbe! Na mimi najivunja mgongo bure. Kama Pimbi amesema, basi yamekwisha."

Akabeba mtungi wake, akaenda kisimani.

Na nyumbani kwa Pimbi mwenyewe, mkewe Kalunde alikuwa akichemsha maji ya kunywa tangu ugonjwa uanze. Hakuna aliyemfundisha. Mama yake alifanya hivyo zamani maji yalipochafuka, naye akafanya hivyo. Aliposikia sauti ya mumewe mwambani alitabasamu, akazima moto.

"Afadhali," alisema, "maana kuni zenyewe mbichi, moshi umeniua macho."

Walikuwa na watoto wawili, mapacha, Kulwa na Doto. Wote wawili walikunywa.

Siku ya nne asubuhi Kulwa alishikwa na tumbo. Kesho yake jioni hakuwa nao tena.

Sitawasimulia mengi ya siku ile, wanangu. Nyumba ikiondokewa na mtoto, hata sufuria hazigongani. Pimbi alimfunika Kulwa kwa kanga ya mama yake, akasema, "Mungu wangu, mpokee."

Walipomaliza kuzika, Kalunde alimwita mumewe nyuma ya nyumba.

"Baba Kulwa, nilichemsha maji siku kumi na mbili, hakuugua mtu humu ndani. Nimeacha siku nne tu, Kulwa akashikwa. Ulijua?"

"Sikujua."

"Hukujua chochote?"

Pimbi aliangalia chini. "Nilijua kwamba mganga alifunga mdomo."

Kalunde hakulia wala hakupiga kelele. Akaenda akakusanya kuni, zilezile mbichi, akawasha moto, akateleka maji.

Pimbi akaenda moja kwa moja kwa Nungunungu. Hakubisha hodi mara ya pili.

"Mganga, siku ile ulitaka kusema nini?"

Nungunungu alichungulia nje, akafunga mlango. "Pole, Baba Kulwa. Nimechelewa kukuambia pole, na nimechelewa kukuambia hili. Lile dimbwi la Jumbe la kugaagaa, pale juu ya kisima, lilifurika wakati wa mvua. Uchafu wake wote umeshukia kisimani. Nilimwambia Jumbe, yachemshwe maji, ama yachotwe mtoni mchangani. Akasema atauweka wapi uso wake."

"Yeye anakunywa nini?"

"Anapelekewa maji ya chemchemi, kule mlimani. Yeye na nyumba yake."

"Nawe ukanyamaza."

"Nina watoto saba, Pimbi. Nikifukuzwa nahamia wapi nao?"

Pimbi alitaka kumkemea, akashindwa. Huyu alinyamaza. Yeye mwenyewe alipaza sauti. Nani alikuwa na kosa kubwa?

Aliporudi nyumbani alimkuta Kalunde ameketi mlangoni, Doto amelala magotini pake, tumbo linamsokota.

Wakampa uji mwepesi wenye chumvi kidogo, kijiko kwa kijiko, kama Nungunungu alivyoelekeza. Pimbi akawa hatulii. Akaingia ndani, akatoka, akaingia tena.

"Nimepata," alisema. "Nitapanda mwambani sasa hivi nitangaze kuna chatu kisimani. Chatu mweusi, mkubwa, amemeza ndoo na kamba yake! Hakuna atakayekanyaga pale. Nao watapona."

"Uongo wa pili, Baba Kulwa?"

"Huu ni wa kuwaokoa!"

"Na ule wa kwanza Jumbe alikuambia ni wa nini?"

Pimbi akakaa kitako.

Kalunde alimfuta Doto mdomo. "Watakimbia leo. Kesho mmoja atachungulia, hataona chatu. Atawaita wenzake, watacheka, watachota. Na siku hiyo hata ukiwaambia kweli tupu, nani atakusikiliza?"

"Basi nifanyeje, mama watoto? Nikisema kweli nafukuzwa leo leo. Doto huyu hawezi kubebwa hata mpaka mtoni. Tukihamishwa atatufia njiani."

Hilo nalo lilikuwa kweli.

Pimbi aliinamisha kichwa. Akamwomba Mungu, si kwa maneno mengi, aliomba njia tu. Kisha taratibu masikio yake yakasimama. Kesho ilikuwa siku ya kuanua matanga. Watani wangekuja. Na hakuna jumbe, tangu vijiji viwepo, aliyewahi kumfukuza mtu kwa neno la utani.

Asubuhi ikafika. Wanakijiji wakajaa uani, kila mmoja na mkeka wake. Mara ardhi ikatikisika. Tih! Tih! Tih! Jumbe Tembo alikuja na nyumba yake yote, Kifaru mbele akifungua njia. Jumbe akajilaza chali mbele ya mlango wa Pimbi, kama desturi ya watani, akaziba nyumba nzima.

"Hatoki mtu, haingii mtu!" alinguruma. "Nimekuja kuchukua urithi wangu. Nasikia humu kuna mkia wa babu!"

Wanakijiji wakaanza kucheka. Pimbi akapanda juu ya kinu ili aonekane.

"Mkia hakuna, Jumbe, ila kuna mchuzi. Tena mchuzi wako mwenyewe!"

"Mchuzi gani tena?"

"Wa mwili wako! Jumbe anagaagaa dimbwini, matope ya mgongoni yanashuka, ya kwapani yanashuka, ya nyuma nako sisemi, yote chubwi kisimani! Anaoga yeye, tunakunywa sisi. Jumbe, ungetutilia hata ndimu!"

Kwa kwa kwa! Ua wote uliangua kicheko. Nyani akagaragara. Kanga wakashikana mbawa. Kifaru akaruka na pembe yake mbele. "Huyu amesema vibaya maji ya kisima!"

"Utani!" wakapiga kelele wote. "Utani huo, afande! Keti chini!"

Kifaru akamtazama Jumbe. Jumbe naye alikuwa akicheka, ila kicheko chake kilikuwa mdomoni tu, machoni hakikufika. Angefanya nini? Utani ni utani.

Pimbi akaongeza. "Ndiyo maana mwenyewe hayanywi maji ya kisima! Anapelekewa maji ya chemchemi mlimani, sisi tunabaki na supu ya tembo!"

"Oooh, mbavu zangu!" alilia Mama Ngiri. "Supu ya tembo! Huyu mfupi atatuua!" Alicheka mpaka akapaliwa. Akachukua kibuyu chake cha maji aliyochota kisimani asubuhi ile, akakiinua, akanywa. Gugu, gugu, gugu. Akampitishia mwanawe.

Pimbi akamwona. Kicheko chote kilichokuwa kifuani mwake kikazima.

Kumbe alikuwa amesema kweli yote, mbele ya kijiji kizima, wala hakuna hata mmoja aliyeisikia. Walisikia utani. Wangeipeleka nyumbani, wangeisimulia jioni, wangecheka tena, huku wakiteremshia na maji yaleyale. Alikuwa amejitafutia usalama wake, na usalama huo ndio ulioiharibu kweli yake.

Akamtazama Doto kupitia dirisha. Akamtazama mtoto wa Ngiri, anakunywa. Wote wawili wa rika moja na Kulwa.

"Mama Kulwa," aliita taratibu, "niletee kata ya matanga."

Hapa niwaambie desturi hii. Matanga yalipoanuliwa kijijini pale, mfiwa alichota kata moja ya maji kutoka mtungi wa nyumba yake akampa mtani wake mkubwa. Mtani aliinywa mbele ya wote. Ilikuwa kama kusema, nyumba hii ingali nyumba, na sisi tungali watani. Hapo ndipo watu walitawanyika. Na mtani akikataa kata ile, basi utani umevunjika, na maneno yote yaliyosemwa siku hiyo hayawi utani tena. Huwa ni maneno ya kweli, na kila mtu atayajibia.

Lakini nani angekataa kata ya maji? Haijawahi kutokea. Watu walikuwa karibu wamesahau kwamba yaweza kutokea.

"Nichote mtungi upi?" Kalunde aliuliza, maana ilikuwako miwili, wa maji yaliyochemshwa na wa kuoshea vyombo.

"Wa kuoshea vyombo. Wenye maji ya kisimani."

Kalunde akamtazama mumewe usoni muda kidogo, akaelewa. Akaichota kata, ikajaa pomoni, akampa.

Pimbi akashuka kutoka kwenye kinu, akaipeleka kwa mikono miwili. Jumbe alikuwa ameshaketi.

"Jumbe, mtani wangu, hii hapa kata ya Kulwa. Nisikufiche. Maji haya ni ya kisimani, yamechotwa asubuhi hii. Hayajachemshwa."

Jumbe akaipokea kwa mkonga. Akaiinua. Maji yakacheza ndani ya kata. Watu wakangoja akamilishe ili wakunje mikeka waende.

Mkonga ukafika karibu na mdomo. Ukasimama.

"Kunywa, Jumbe," akasema Nyani. "Jua linapanda."

"Sina kiu," alisema Jumbe.

"Kata ya matanga mtu hanywi kwa kiu," alisema Kobe polepole. Kobe alikuwa amezika wengi. "Hunywa kwa heshima ya mfiwa."

"Kifua... kifua kinanibana leo."

"Onja tu, basi. Lowesha ulimi."

Matone yakadondoka mavumbini, to, to, to. Jumbe akatazama kulia, akatazama kushoto. Aliona macho ya kijiji chake chote. Kisha, wanangu, akaishusha kata ile chini. Akaiweka. Hakuinywa.

Walioanza kukunja mikeka wakaiacha.

"Jumbe amekataa kata," Kobe alisema.

"Amekataa," akaitikia Pimbi. Akawageukia watu, mdogo kama alivyo. "Basi utani wetu umevunjika, na niliyoyasema si utani tena. Sikieni sasa bila kucheka. Dimbwi la Jumbe limefurikia kisimani. Maji yale yanatuumiza. Mganga alilijua, akanyamazishwa. Mimi niliona amenyamazishwa, nami nikapanda mwambani nikawaambia maji ni mazuri. Niliwadanganya. Kulwa wangu alikunywa kwa sauti yangu."

Mama Ngiri alitema maji aliyokuwa nayo mdomoni. Akakipokonya kibuyu kwa mwanawe.

"Ulisema wewe!" alipiga kelele. "Nilikuwa mtoni, nachimba maji yangu safi! Nilikusikia kwa masikio yangu haya, nikaacha! Pimbi, ulisema wewe!"

"Nilisema mimi, Mama Ngiri."

"Mwanangu akiugua je?"

"Sijui la kukujibu. Sina haki ya kukuomba hata msamaha leo. Nakuomba uchemshe maji tu."

Jumbe akasimama, kivuli chake kikafunika nusu ya ua. "Kifaru! Utani umekwisha, amesema mwenyewe. Amri yangu iko palepale. Mwondoe huyu na nyumba yake kabla jua halijatua!"

Kalunde akamkumbatia Doto ndani. Pimbi hakukimbia. Angekimbilia wapi, na mtoto yule?

Kifaru akapiga hatua moja. Tih! Akasimama. Akageuza shingo yake nene kidogo kidogo mpaka akamtazama Jumbe.

"Jumbe," alisema, "mimi nyumbani kwangu tunachota kisimani."

"Nimekuambia mwondoe!"

"Mke wangu amechota jana. Amechota leo." Sauti ya Kifaru ilikuwa imeshuka, kama ya mtu anayehesabu kitu kichwani. "Kila asubuhi mimi ndiye ninayewasindikiza wachukuzi wako wa chemchemi. Nikawauliza, haya ya nini? Wakasema Jumbe anapenda maji ya baridi. Nami nikaamini. Jumbe, yule mwanangu wa mwisho ameamka leo anashika tumbo."

Jumbe akaitazama kata pale chini.

"Mimi nabeba pembe hii kwa ajili yako miaka tisa," Kifaru alisema. "Hukuweza kuniambia hata mimi?"

Wanangu, hapo ndipo Jumbe Tembo, mkubwa kuliko wote, alipoketi chini. Puu! Vumbi likatimka.

"Niliona haya," alisema. "Mwanzoni niliona haya tu. Kisha walipoanza kufa, ningesemaje? Nikasema mtaogopa. Kumbe mwenye kuogopa nilikuwa mimi."

Kifaru hakumsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshageuka, anakimbia nyumbani kwake, tih tih tih tih, kwenda kuangusha mitungi.

Je, mnadhani wengine walikanyagana? Walitupa wazee njiani? La. Waliogopa, naam. Kanga walilia. Lakini walibaki palepale uani, wakamzunguka Nungunungu, wakamuuliza maswali. Naye, miiba yake ikainuka taratibu, akayajibu.

"Mganga, aliyekunywa jana ataugua?"

"Wengine wataugua, wengine hapana. Ni yupi sijui, na siwezi kujifanya najua."

"Tuchemshe kiasi gani?"

"Mpaka yatokote, myaone yanaruka. Kisha myafunike."

"Na aliyeshikwa tumbo?"

"Uji mwepesi, chumvi kidogo, kijiko kwa kijiko, msichoke. Na niiteni. Hata kama sina dawa, niiteni."

Jumbe akawatuma wanawe wakafukie dimbwi lake, na yeye mwenyewe akabeba mawe. Hakuna aliyemtania siku ile, wala siku nyingi baada yake. Nadhani hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko yote.

Asubuhi iliyofuata Pimbi akapanda mwamba. Akavuta pumzi.

"Uuuwi! Uuuwi! Sikieni, wa juu na wa chini! Maji ya kisima ni mabaya! Chemsheni kabla ya kunywa!"

Akangoja. Zamani, kabla hajafunga mdomo, milango ingekuwa imefunguka. Safari hii hakuna mlango uliofunguka. Kisha Mama Ngiri akatokea chini ya mwamba, mikono kiunoni.

"Wewe! Tumekusikia. Na lile la kwanza tulikusikia hivihivi. Shuka utuonyeshe jiko lako."

Pimbi akashuka. Wakamfuata hadi nyumbani, Mama Ngiri, Kobe, Nyani na wengine, wakaingia bila hodi. Waliona sufuria ikitokota juu ya kuni mbichi, na moshi umejaa nyumba. Waliona Doto amelala, Kalunde anamnywesha maji yaliyopoa kutoka sufuria ileile. Mama Ngiri akainama, akaifunua sufuria, akatazama maji yanavyoruka. Akaifunika. Akaenda kwake akawasha moto.

Tangu hapo ikawa hivyo. Pimbi akitangaza, walikuja kwanza kutazama jiko lake. Ilichukua miaka mpaka siku moja alipotangaza, akangoja, na hakuna aliyekuja kutazama.

Doto aliinuka siku ya sita, akaomba ugali. Mungu ashukuriwe. Mtoto wa Ngiri hakuugua. Mtoto wa Kifaru aliugua, akapona. Na Kulwa alibaki pale walipomlaza, chini ya mwamba, mpaka siku Mwenyezi Mungu atakapomwamsha.

Na fundisho lake, wanangu, ni hili: anayewaficha watu ugonjwa wao ili wasiogope, hawapunguzii hofu, bali huwanyang'anya nafasi ya kujiokoa.